Sawyer Squeeze: filta moja kwa gari, baiskeli na begi la mgongoni

Ikiwa kavu, Sawyer Squeeze, filta ya maji ya kunywa ya safarini, ina uzito wa gramu 85 hivi, na ukiitazama tu haionekani kuwa kitu cha maana: kopo dogo la plastiki, upande mmoja mahali pa kufungia chupa, upande wa pili kizibo cha kuvuta na kubonyeza. Ndani mna nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, zimekunjwa umbo la U, za aina ileile inayotumika kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Maji machafu huzunguka nje ya nyuzi, hupenya kwenye kuta zake zenye vitundu visivyozidi mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha hutoka kupitia katikati yakiwa yameacha uchafu nje. Haina pampu, haina betri, haihitaji dawa.

Kwa anayepanga kiangazi kizima cha kulala garini, kushuka njia za milimani kwa baiskeli na kutembea siku kadhaa na begi mgongoni, ushauri wetu ni kununua filta hii na kutoitegemea mifuko inayokuja nayo. La pili la kujua mapema ni kwamba kinachoiua garini sicho kinachoiua kwenye baiskeli, wala sicho kinachoiua kambini juu mlimani. Wanaosema imekufa baada ya msimu mmoja mara nyingi waliitunza vizuri katika safari ya aina moja na kuisahau katika nyingine.

Inachozuia na isichozuia

Vimelea wanaowaangusha wasafiri wengi wa milimani ni wakubwa kuliko vitundu hivyo. Giardia ana mikroni 8 hadi 12, Cryptosporidium 4 hadi 6, na bakteria kama E. coli ana upana wa nusu mikroni hivi. Kampuni inadai filta inazuia asilimia 99.99999 ya bakteria na asilimia 99.9999 ya vimelea wa jamii ya Giardia. Kwa kijito kinachoshuka kutoka mlimani, ambako juu yake hakuna makazi ya watu, hilo linatosha kabisa.

Virusi ni habari nyingine. Norovirus ana mikroni 0.03 tu, anapita bila kugusa ukuta. Kwa hiyo mto ukiwa na kijiji upande wa juu, au kambi yenye vyoo vya hovyo ufukweni, chuja kwanza halafu tia dawa. Mpangilio huo usigeuzwe: klorini ikikutana na tope humalizwa na tope kabla haijafika kwa kiini cha ugonjwa. Matone 2 ya klorini ya kawaida ya kufulia (asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato) kwa lita moja ya maji maangavu, subiri dakika 30. Au chemsha: dakika 1 ya kutokota inatosha, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu.

Dawa za mashambani, metali kutoka migodini, chumvi ya bahari na sumu ya mwani wa kijani-bluu vyote vinapita. Bwawa lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika ni la kupitwa, hata kama chanzo kinachofuata kiko saa mbili mbele.

Mfuko ndio udhaifu

Filta hupata msukumo kutokana na kukamuliwa kwa mfuko, na hapo ndipo mambo huharibika. Mifuko myembamba ya plastiki inayokuja ndani ya boksi huachia kwenye mshono, hasa karibu na shingo, pale mtu anapoikunja na kuisokota ili kulazimisha filta iliyoziba. Kosa hapo si la mfuko peke yake. Filta safi haihitaji nguvu. Lita moja hupita kwa dakika moja hivi kwa kukamua kwa kiganja tu. Ukijikuta unapiga goti juu ya mfuko, acha. Filta inataka kuoshwa. Ukiendelea utabaki na filta iliyoziba na mfuko uliopasuka, na hivyo ndivyo watu wanavyolala na kiu kando ya mto.

Usumbufu wa pili wa mifuko hiyo ni mdomo wake mdogo. Kwenye maporomoko hujaa vizuri, lakini kwenye dimbwi la kina cha vidole vinne haijai, kwa sababu kuta zake hushikana. Ukiwa nayo hivyohivyo, ipulize kwanza ifunguke, na uchote kwa kikombe.

Badala bora ni mfuko laini unaofunguka upande mzima wa chini, kama CNOC Vecto wa lita 2 au 3. Unauburuza majini mara moja unajaa, unafunga kwa kitelezi, unafungia filta kwenye shingo. Chagua wa shingo ya milimita 28. Kipimo hicho ndicho cha filta yenyewe na cha chupa nyingi za soda, jambo linalomaanisha kwamba chupa ya dharura hupatikana karibu popote. Angalizo: chupa nyingi nyepesi za maji sasa zina shingo ya milimita 26 au 29. Hudanganya. Zinashika mzunguko wa kwanza, unadhani zimekaa, kisha maji machafu yanachuruzika kandokando ya filta na kudondokea kwenye chupa safi iliyo chini. Jaribu nyumbani kwa maji ya rangi kabla ya kuondoka. Doa moja la rangi kwenye chupa safi linatosha kuikataa.

Ndani ya mdomo wa filta, upande wa maji machafu, kuna ringi ya mpira iliyo bapa. Huanguka. Mara nyingi hunasa kwenye shingo ya mfuko wakati wa kufungua, kisha hutupwa pamoja na maji yaliyobaki. Bila ringi hiyo filta huvuja hata uikaze vipi, na kukaza kupita kiasi ndiko kunakoikunja ile mpya utakayoweka. Kaza mpaka iguse, ongeza robo mzunguko, basi. Ringi mbili za akiba hazina uzito wa kuhesabika. Ziweke mahali ambapo huwezi kuzisahau, kwa mfano ndani ya kasha la kiberiti.

Kuiosha

Hapa ndipo filta huishi au hufa. Boksi huahidi galoni 100,000, yaani lita 378,000 hivi. Kwa anayekunywa lita 3 kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka 300, kwa hiyo namba hiyo ichukuliwe kama namba ya boksi. Kinachoamua ni namna unavyoiosha.

Kuosha ni kusukuma maji safi kinyume cha mshale uliochorwa kwenye kopo. Bomba kubwa la sindano linalokuja nayo hujazwa maji yaliyokwisha kuchujwa, huwekwa kwenye tundu la kunywea, na husukumwa kwa mkupuo mmoja wenye nguvu. Rudia mpaka maji yanayotoka upande mchafu yawe maangavu, kisha mara mbili zaidi. Wengi husukuma polepole wakiogopa kuharibu kitu. Polepole haisaidii: maji hutafuta nyuzi ambazo bado ziko wazi, yanapita humo, na zilizoziba zinabaki zimeziba. Ukitaka kuona tofauti, fanya juu ya sahani nyeupe. Msukumo wa kwanza wa nguvu hutoa wingu la kahawia lenye chembe kama unga wa kahawa. Msukumo wa polepole hutoa maji yenye rangi ya chai dhaifu na kisha hakuna kitu.

Usiwahi kuosha kwa maji ya mtoni. Upande wa ndani wa nyuzi ndio upande safi. Ukiuingizia maji machafu umemaliza kazi ya filta kwa mkono wako mwenyewe.

Ikiwa kasi hairudi, angalia mambo mawili. Filta iliyokauka kwa miezi huwa nzito kupitisha maji kwa sababu vitundu vimejaa hewa na uchafu uliogandamana. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu saa moja au mbili, halafu ioshe. Maji yasizidi nyuzi joto 60, kwani hicho ndicho kikomo cha kampuni. La pili ni chokaa. Ukiwa umepita maeneo ya mawe ya chokaa, ambako birika huota ukoko mweupe, uoshaji wa maji matupu hautoshi. Loweka kwenye siki nyeupe nusu saa, kisha osha kwa maji mengi safi. Filta nyingi zinazotupwa kuwa zimekwisha zilikuwa zinadai siki tu.

Garini

Tuseme ukweli: garini filta hii ni ya akiba. Kambi na vituo vingi vina bomba la maji ya kunywa, na kujaza tangi la lita 40 kwa kukamua mfuko wa lita 2 ni adhabu. Ila zipo siku tatu nne umeegesha kando ya ziwa mbali na bomba, na hapo mfumo wa kuning'iniza hufanya kazi nzuri. Weka dumu la lita 10 juu ya paa, shusha mpira, na filta ikae chini kabisa, karibu na mdomo wa tangi. Kila mita moja ya kimo huleta msukumo wa bar 0.1 hivi. Ukiifunga filta juu, karibu na dumu, halafu maji yakadondoka tu kutoka hapo, unapoteza karibu msukumo wote.

Mfumo huu ukigoma, lawama huwa ni ya hewa. Nyuzi zikishalowa hupitisha maji lakini hazipitishi hewa kwa msukumo mdogo kama huu. Povu likinaswa upande mchafu wa filta hukaa humo na kufunika sehemu ya nyuzi, na unaona matone badala ya mkondo. Dawa yake ni kuishika filta chini ya dumu, mdomo mchafu ukitazama juu, uigonge kidogo kwa kidole mpaka hewa ipande kupitia mpira. Kabla ya kufungua kitu chochote, fanya hilo kwanza.

Maji yenye tope usiyapeleke moja kwa moja. Yaache kwenye dumu usiku kucha, chota ya juu, acha yaliyotulia chini. Yakiwa na weupe kama maziwa, yaani yana unga laini wa mwamba unaoletwa na mito ya barafu, kulala tu hakutoshi. Shabu inafanya maajabu hapo: robo kijiko cha chai kwa lita 8, koroga taratibu kwa dakika 5, acha nusu saa au zaidi hadi mabonge yazame. Ukiruka hatua hiyo utaosha filta kila baada ya lita chache.

Adui wa filta garini ni dashibodi. Gari lililofungwa juani hupandisha joto la dashibodi kupita nyuzi 60 bila shida, na watu huacha filta hapo ikauke. Ianike kivulini. Na maji yaliyochujwa yasikae wiki nzima kwenye tangi lenye uvuguvugu. Bakteria huingia kupitia mdomo wa tangi na mikono, si lazima wapite kwenye filta. Yale matone 2 kwa lita yanahusika pia hapa.

Kwenye baiskeli

Baiskeli ndiyo inayokidanganya kifaa hiki kuliko safari nyingine zote. Unaweza kuchuja vizuri kabisa kisha ukanywa kutoka kwenye chupa iliyokaa kwenye fremu, mdomo wake umepakwa matope ya njia, na njia inapitwa na ng'ombe. Filta haina la kufanya kuhusu mdomo wa chupa. Tumia chupa yenye kifuniko cha juu ya mdomo, au iweke chupa kwenye begi la fremu. Hili husababisha tumbo kuharibika kuliko filta mbovu, na bado lawama huenda kwa filta.

Wengine hukata mpira wa mfuko wa maji wa mgongoni na kuiweka filta katikati, maji machafu yakiwa kwenye mfuko na wewe ukifyonza kupitia filta. Inafanya kazi kwenye tambarare. Kwenye mwinuko, unapohema kwa kasi, kufyonza kupitia nyuzi ni kazi ya ziada isiyo na faida, na kadiri filta inavyoziba ndivyo unavyokunywa kidogo bila kujijua. Tena mfuko mzima unakuwa mchafu. Njia bora ni kinyume chake: unganisha tundu safi la filta na mpira wa kunywea, kamua mfuko mchafu, na maji safi yapande kupitia mpira hadi kwenye mfuko ulioko mgongoni. Begi halifunguliwi, vitu havitolewi, kituo kinachukua dakika tatu.

Mitetemo ya njia haina madhara ya kutaja. Kuanguka kwenye mwamba ndiko kunakovunja nyuzi, na ufa hauonekani kwa nje. Kwa hiyo filta isining'inizwe kwenye usukani wala kwenye mkanda wa nje wa begi. Iweke katikati ya begi la fremu, imefungwa kwenye koti la mvua.

Kwa miguu, na usiku wa baridi

Huku ndiko filta hii ilikozaliwa. Ni nyepesi, haraka, na chupa yoyote yenye shingo yake inatosha. Bomba la sindano unaweza kuliacha garini kwa safari fupi ukibeba chupa yenye kizibo cha michezo: jaza maji safi, bana mdomo wa kizibo kwenye tundu la filta, kamua kwa nguvu. Haina msukumo wa bomba, ila inaweka filta hai mpaka urudi.

Hatari ni barafu. Kiangazi hakizuii: kambi ya mita 3,000 yenye anga tupu inaweza kufika chini ya sifuri alfajiri. Maji yaliyobaki kwenye nyuzi huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi yakiganda, kuta hupasuka, na asubuhi filta inapitisha maji kwa kasi nzuri kuliko jana. Hiyo kasi ya ghafla iogope. Hakuna njia ya uhakika ya kupima nyumbani, na kampuni yenyewe inasema hivyo, iliyoganda hubadilishwa. Kinga ni rahisi: ikung'ute, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, lala nayo ndani ya begi la kulalia. Ambayo haijawahi kulowa haina tatizo na baridi, kwa hiyo mpya iliyo dukani au kwenye sanduku la gari isikutie wasiwasi.

Ikilinganishwa na nyingine

Shika BeFree ya Katadyn, filta nyingine ya kukamua, na Squeeze mkononi siku ya kwanza, BeFree itashinda kwa kasi. Ila inaoshwa kwa kutikiswa tu, haina bomba la kusukuma kinyume, na shingo yake ya milimita 42 hukufunga kwenye mifuko yake. Kwenye maji maangavu ni nzuri. Kwenye tope inachoka mapema. Sawyer Mini ina gramu 57, yaani unaokoa gramu 28 kwa kupoteza sehemu kubwa ya kasi, biashara ambayo hatuipendekezi kwa yeyote. MSR Guardian ina vitundu vya mikroni 0.02 na huzuia virusi, lakini ni pampu ya gramu 490. Ifae wanaopita penye watu wengi na maji mabaya. Taa ya mionzi ya UV huua kila kitu kwa sekunde 90 kwa lita, mradi maji yawe maangavu na betri iwe na moto. Vidonge vya klorini dioksidi vinahitaji saa 4 kumaliza Cryptosporidium kwenye maji baridi, ila vibebe hata hivyo, kwa sababu ni akiba ya filta inapoganda.

Ikinunuliwa, inunuliwe mpya, kwenye boksi lililofungwa. Ya mitumba, hata iwe safi kiasi gani na bei iwe ya kutupwa, ipite: muuzaji hawezi kukuthibitishia kwamba haijawahi kuganda, na hakuna kipimo cha kumsahihisha.